Kiingereza Hakina Mwiko

Ukimuuliza Mzee Lyamba ana mizinga mingapi ya nyuki, atakujibu, "Ipo ya kutosha kulamba." Ukirudia swali ukidhani hakusikia, atatazama juu ya miti kana kwamba aliyeuliza ni ndege. Mara ya tatu hataitika kabisa. Wapo wanaosema ni jeuri. Hata mimi nilisema hivyo nilipohamia Sibwesa kutoka Kawajense, mwalimu mgeni mwenye vyeti kwenye bahasha ya plastiki na mdomo usio na breki. Leo naandika habari zake kwa sababu aliyeianika mizinga yake hadharani ni mimi, Restituta, na kwa miaka mitatu nilimwacha mtu mwingine aitwe msaliti kwa kosa langu.

Nianze na yeye, maana nikianza na mimi nitajitetea.

Lyamba ni Mbende wa ukoo wa warina asali. Alizaliwa kambini porini, kwa sababu mama yake alimfuata mumewe msimu wa kurina akiwa na mimba ya miezi tisa na ubishi wa miaka thelathini. Mwenyewe husema alisikia nyuki kabla ya kusikia jogoo. Shule aliishia darasa la nne, lakini mpe mti wa mtundu na shoka, atalimenya gome likiwa zima, atalikunja, atalishona kwa vijiti, kisha atafunga midomo yake miwili kwa nyasi zilizosukwa, na huo ni mzinga. Mwisho hupasha chuma moto na kuupiga alama yake, mistari mitatu na duara. Jina lake porini ni hilo.

Mengine aliyonieleza baadaye yanafaa kujulikana mapema. Kwa warina asali wa huku, mti unaweza kuwa wa serikali, wa kijiji au wa Mungu, ila mzinga ni wa aliyeutundika. Hata akifa unabaki wake. Mwanawe ataurina, lakini atasema "mzinga wa baba," na sega la kwanza ataliacha shinani mwa mti kwa ajili ya mwenyewe. Na mizinga haihesabiwi kwa mdomo. Nyuki husikia, wanasema, na mzinga uliohesabiwa hauna siku nyingi. Mke wake, Josephina, ameishi naye miaka ishirini na sita na hajawahi kumsikia akitaja idadi.

Halafu kuna kamba. Kupanda mtu hawezi peke yake. Lazima kuwe na mtu chini anayeshika kamba iliyopitishwa juu ya tawi, anayemlegezea mpandaji na kumkazia, na anayeshusha ndoo ya asali. Kamba hiyo husokotwa na watu wawili kwa magome, kila mmoja nusu yake, kisha nusu hizo huunganishwa. Mwenzake Lyamba alikuwa shemeji yake, Wilbert, mdogo wake Josephina. Walipanda pamoja miaka kumi na minane. Nimewaona wakirudi, wamevimba nyuso, wanachekana kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba leo ndiye mbaya zaidi.

Miaka kadhaa iliyopita mpaka wa hifadhi ya msitu ulipimwa upya, bikoni, zile nguzo za mpaka, zikasogezwa, na mizinga yote ya Lyamba ikajikuta ndani. Mizinga haikuhama, mpaka ndio uliotembea. Aliambiwa aitoe. Akasema sawa, kwa heshima zote, na akaendelea kwenda. Njia walikuwa wakiijua watu watatu tu, yeye, Wilbert, na binti yake wa mwisho, Kalista, ambaye alikuwa akiwapelekea chakula.

Sasa mimi.

Somo langu ni Kiingereza, na ndani ya Kiingereza neno nililolipenda kufundisha ni have. Nililipenda kwa sababu lina kazi nyingi kama kanga. I have a goat. I have a sister. I have malaria. Niliwaambia watoto: sisi tunasema nina mbuzi, yaani mimi niko pamoja na mbuzi, na kesho akipotea basi siko naye tena. Mwingereza yeye kamshika mbuzi, dada na malaria kwa mkono mmoja. Nikifika kwenye I have to go, nilikuwa nasimama kidogo ili waone ninavyofikiri. "Kwa Waingereza," nilisema, "hata jambo linalokulazimu ni mali yako. Unalo, na huwezi kulipa mtu akuchukulie." Niliona nimesema jambo la maana sana. Nilikuwa sijaligusa hata kwa kidole.

Mtindo wangu ulikuwa kila mtoto asimame ataje kitu kilichopo kwao, tena kwa idadi. Bila idadi hakuna alama. Watoto walifurahi mno. Mmoja ambaye kwao kuna kuku wawili alisimama akasema baba yake ana ng'ombe mia mbili na basi. Nilimpa vema, maana sentensi ilikuwa sahihi.

Mwaka ule Kalista alikuwa darasa la sita. Mwembamba, mpole, mwandiko wa kupendeza, na mkono wa kuchora ambao sikuwahi kuuona kwa mtoto mwingine. Tulikuwa tunajiandaa kwa siku ya wageni, na mimi nilikuwa natengeneza ukuta wa Kiingereza, mabango ya manila yenye sentensi na picha. Kila mtoto aliandika alichonacho. Kalista aliandika, I have a cat.

"Paka?" nikamuuliza mbele ya darasa. "Paka yupo kila nyumba. Baba yako ana nini ambacho baba za wenzako hawana?"

Akainama. "Madam, ile hatuhesabu."

"Nani hahesabu?"

"Sisi. Baba anakataza. Ni mwiko."

Nilicheka. Nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze. "Mwiko ni wa Kibende, mwanangu. Hapa tunaandika Kiingereza, na Kiingereza hakina mwiko."

Darasa zima likacheka nami. Kesho yake akaleta tena paka, safari hii amempaka rangi nzuri ya chungwa. Nikamrudishia. "Wageni wanakuja Ijumaa, Kalista. Unataka wakute paka?" Na kwa kuwa mimi ni mimi, nikaongeza, "Nilikuwa nimekuwekea nafasi ya katikati. Basi nitampa mwingine."

Alhamisi alileta karatasi nzima ya manila. Juu aliandika, My father has thirty-one beehives. Chini alichora njia inayoanzia nyuma ya mashamba ya mahindi, ikapita jabali linalofanana na kitanda, ikavuka kijito cha Kafulwe, ikapita bikoni nyeupe, kisha miti, na kwenye kila mti mzinga wake, na kila mzinga una mistari mitatu na duara. Usingehitaji mtu wa kukuongoza. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika Very good, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

Siku ya wageni wazazi walikaa nje kwenye maturubai, darasani waliingia wageni tu. Lyamba alikuwa porini kama kawaida yake, Josephina alikuwa na masufuria ya pilau. Mgeni mmoja mwenye sare ya kijani alisimama mbele ya mchoro wa Kalista muda mrefu. Akausifia. Nikavimba kichwa. Akaniuliza, "Na hapa ni wapi, Mwalimu?" Nikamweleza kwa kidole. "Hapo ni Kafulwe. Hii ni bikoni. Mizinga ipo ng'ambo, kama mwendo wa nusu saa." Akatoa simu akapiga picha. Nikasogea pembeni ili kivuli changu kisiiharibu.

Nasema ukweli mbele ya Mungu, siku ile sikuelewa. Lakini kutokuelewa kulikwisha baada ya wiki mbili tu, na yaliyofuata sina pa kuyaficha.

Walinzi wa hifadhi waliingia msituni asubuhi na gari mbili. Waliishusha mizinga, wakairundika kando ya kijito, wakaichoma. Kijiji kizima kilinuka nta hadi jioni. Lyamba aliitwa, akaandikisha maelezo, akaonywa vikali, akarudi kwa miguu. Kesho yake akaingia msituni peke yake kutazama kilichobaki. Alipotoka hakusema ameona nini.

Nilikimbilia kabati la darasani. Mchoro nilikuwa nimeuhifadhi kama kazi bora ya mwaka; watoto wenzake waliuona ni majigambo tu, kama ng'ombe mia mbili na basi. Niliukunja mara nne, nikauweka chini kabisa ya madaftari ya zamani, nikafunga kwa ufunguo. Mikono ilijua la kufanya, kama mikono ya mwizi mzoefu.

Nani kasema? Kijiji hakikuuliza swali jingine kwa mwezi mzima. Njia aliijua Wilbert. Wilbert alikuwa amegombana na Lyamba siku si nyingi, jambo dogo tu, kuhusu nani aliacha moto wa kufukizia ukachoma nyasi. Wilbert alikuwa ameonekana mjini Mpanda wiki ile. Jumlisha mwenyewe, walisema watu, na watu wakishaanza kujumlisha hawaachi baki.

Jumapili moja baada ya kanisa Lyamba alimwita Wilbert uani kwake, mbele ya majirani. Akaleta kamba. Wilbert aliitazama akajua.

"Shemeji, sikusema mimi," alisema.

"Njia unaijua wewe."

"Naijua. Lakini sikusema."

Lyamba aliiweka kamba kwenye gogo, akaikata katikati kwa panga, pale ilipounganishwa. Nusu akamtupia Wilbert. "Chukua yako. Sina shemeji."

Josephina alilia kwa sauti ambayo sijaisahau. Upande huu mume, upande ule mdogo wake wa tumbo moja. Nilikuwa nimesimama karibu yake, nimemshika mkono nikimwambia, "Nyamaza, Mama Kalista, Mungu yupo." Mungu alikuwepo kweli, akiniangalia. Na ng'ambo ya ua, kwenye mlango wa jikoni, Kalista naye alikuwa akiniangalia. Nikaangalia pembeni.

Wilbert alihamia Katumba akakodi shamba la tumbaku.

Nilipanga kusema. Nilipanga wiki ile, nikapanga Krismasi, nikapanga Pasaka. Nilijiambia nitapoteza kazi. Nilijiambia watapatana wenyewe, ugomvi wa ndugu hauchimbi kaburi. Nilijiambia maji yakimwagika hayazoleki. Methali zetu ni nzuri sana kwa mtu mwoga, daima ipo moja ya kumfunika. Badala ya kusema nikawa mtu mwema. Nilimpelekea Josephina sukari. Nilimnunulia Kalista kalamu na sare mpya. Nilifika kwao kila mara walipouguliwa, hadi watu wakasema Madam ana roho ya huruma.

Kalista hakuniuliza kitu. Ila kila nilipofundisha have, na zamu yake ikafika, alisimama akasema, "I have a cat." Darasa la sita lote lililobaki, darasa la saba lote. Paka huyo huyo, mmoja. Nilimpa vema kila mara, na kila mara moyo uliniruka kana kwamba amenitaja kwa jina.

Lyamba alianza upya kwenye msitu wa kijiji, nje ya bikoni. Alipanda peke yake. Hakutaka kusokota na mtu mwingine, na nusu ya kamba haifiki tawi la kwanza la mtundu uliokomaa, kwa hiyo alikuwa akiifunga pale inapofika kisha anamalizia kwa mikono na magoti. Mtu wa miaka hamsini na nane. Josephina alimsihi hadi akachoka. Mwaka huu, mwanzoni mwa Juni, aliteleza akaanguka, akavunjika mguu juu ya goti. Wachungaji wa ng'ombe walimkuta saa sita mchana. Alikuwa pale tangu asubuhi.

Josephina alikuja shuleni mbio, kanga begani. "Madam, wanampeleka Mpanda. Nisindikize, nyie mnajua mambo ya mjini." Nilimsindikiza. Tulifikia kwa mama yangu Kawajense, hapo hapo mjini, na kila siku tulikwenda wodini na chupa ya uji.

Siku ya nne Josephina alitoka kwenda kumuona muuguzi, tukabaki wawili. Mguu wa Lyamba ulikuwa umefungwa plasta tangu kiunoni. Alikuwa amekonda, na kitandani alionekana mfupi kuliko nilivyomjua. Akanigeukia.

"Madam," alisema, "Mungu akubariki. Umekuwa ndugu yetu kuliko ndugu. Yule wa damu aliniuza, wewe wa kuja unanilisha uji."

Ningeweza kuvumilia atukane. Shukrani ile sikuiweza. Ndipo nilipoelewa maneno niliyokuwa nikitamba nayo mbele ya watoto. Jambo lilikuwa langu, nilikuwa nalo, na hapakuwa na mtu wa kumlipa anichukulie.

"Mzee Lyamba," nikasema, "Wilbert hakukuuza. Ni mimi."

Nikamweleza yote. Ukuta wa Kiingereza, manila, mgeni, kidole changu, simu, kabati. Nilisema nikitazama kikombe cha uji.

Nilipomaliza Lyamba akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Mtoto alikataa kwanza?"

"Alikataa."

"Alikwambia hatuhesabu?"

"Aliniambia. Mara mbili aliandika paka, mimi nikamrudishia."

"Na wewe ukamjibu nini?"

Ningetoa chochote nisilirudie lile neno. "Nilimwambia Kiingereza hakina mwiko."

Lyamba alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni, wala hakuyafuta. "Basi alishika nilichomfundisha," akasema. "Alikishika mpaka mtu mzima akamnyang'anya."

Nilipiga magoti pale kwenye saruji. Sikumbuki nilisema nini. Yeye alitikisa mkono kama anayefukuza inzi.

"Inuka, Madam. Mimi nina yangu ya kumwambia Wilbert, na ni makubwa kuliko yako. Mtu niliyepanda naye miaka kumi na minane, nikamkatia kamba bila hata kumsikiliza. Lakini hilo lako lipeleke mwenyewe. Nenda Katumba kwa miguu yako."

Nilikwenda kesho yake kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye meno. Nilimkuta Wilbert bandani akichambua majani ya tumbaku, mafungu mafungu kwa rangi. Alinipa kigoda. Nilimweleza kama nilivyomweleza Lyamba, na nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi. Aliendelea kuchambua.

"Kalista nilishamsikia zamani," alisema mwishowe. "Likizo ya Desemba ile ile alikuja hapa. Akakaa palepale ulipokaa wewe, akalia, akasema mjomba ni mimi niliandika."

"Na hukumwambia baba yake?"

"Nimwambie ili iweje? Shemeji akidhani ni mimi, amekosa shemeji. Akijua ni mtoto, angekosa mtoto. Nikamwambia mwanangu, nyamaza, mimi niko mbali, mzigo ukae kwa aliye mbali." Akainua jani moja akalitazama kwenye mwanga. "Mimi nilidhani ni utoto tu, kaandika kwa kujisifu. Kwamba kuna mtu mzima alimsukuma, sikujua. Maana yule mtoto hakukutaja, Madam. Hata mara moja."

Nimeadhibiwa na wazazi wangu, nimewahi kupewa onyo la maandishi kazini, nimewahi kuachwa na mchumba. Hakuna lililonichapa kama lile. Nililia bandani mwa watu mpaka mke wa Wilbert akaja kuona nani amefiwa.

Mwanzoni mwa Julai Lyamba aliruhusiwa, na Wilbert akaja Sibwesa na mfuko wa kiroba begani. Nilikuwepo kwa sababu Lyamba aliagiza niwepo. Alikuwa kwenye kiti uani, mguu mbele, magongo pembeni. Wilbert alisimama. Lyamba alimtazama, akafungua mdomo mara mbili bila sauti.

"Shemeji, mimi ni mjinga," alisema mara ya tatu.

"Hilo najua tangu ulipomwoa dada yangu," alijibu Wilbert, akatoa nusu ya kamba kwenye kiroba. Alikuwa ameipaka mafuta miaka yote ile, haikuwa imeoza hata uzi mmoja. Josephina akacheka na kulia kwa pamoja. Wale wawili wakakaa wakaanza kuunganisha, wanalaumiana nani alisokota vibaya. Kupanda ni kazi ya Wilbert sasa. Lyamba atashika chini, mguu ukipona.

Kalista alikuwa likizo, kidato cha pili sasa, mrefu kunizidi. Nilimwita kando, nikautoa ule mchoro kwenye mkoba, ukiwa na mikunjo minne.

"Nisamehe, Kalista. Ulinikataza nikakulazimisha. Kisha nikakuacha ubebe peke yako, nikakununulia kalamu."

Aliupokea, akaukunjua taratibu. Alitazama maandishi mekundu.

"Kwa nini hukunitaja kwa mtu?" nikamuuliza.

"Madam, ulikuwa umeandika Very good," alisema. "Nilikuwa sijawahi kuandikiwa hivyo na mtu."

Lyamba aliita kutoka kwenye kiti, "Hebu lete nione hicho kitu." Kalista akampelekea. Alikuwa hajauona mchoro ule hata siku moja. Aliutandaza juu ya plasta, akaufuata kwa kidole kutoka kwenye mashamba, jabali, kijito, bikoni. Akaenda mti kwa mti. Midomo yake haikutikisika, lakini kidole kiligusa kila mzinga, na nilijua kwamba yote ilikuwa majivu, na kwamba ile karatasi yangu ya aibu ndiyo picha pekee aliyobaki nayo. Kidole kilipofika mwisho kikasita. Kikarudi juu, kikashuka tena.

"Umesahau mmoja," alisema.

"Sikusahau, baba."

"Ule wa kule kwenye mninga. Upo hadi leo. Niliukuta siku ile baada ya moto, mzima, nyuki wanaingia na kutoka." Alimgeukia Wilbert. "Miaka yote hii nilisema moyoni, angalau huyu mtu aliona aibu akaniachia mmoja."

Wilbert alitikisa kichwa. Sote tukamtazama Kalista.

"Madam alisema niandike ambayo baba anayo," alisema. "Ule si wa baba. Ni wa babu."

Lyamba aliinamisha uso kwenye karatasi. Josephina alikwenda jikoni akarudi na sahani, akaniwekea sega zima la asali mapajani. Sikulistahili. Ila kukataa asali ya mtu nyumbani kwake ni kumtukana, na watu hawa nilishawakosea vya kutosha. Nikala mbele yao wote. Ilikuwa tamu sana, na utamu huo ndio ulioniumiza.